Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa kwanza wa kupokea oda pamoja

Ndugu zangu mafundi, baba na mama wenye atelye,

Mwaka ulipoanza bado tulikuwa tunafichana wateja. Fundi wa Kampemba asiye na mashine ya kukunja bati alikuwa anaikataa kazi, kumbe mashine hiyo imelala bure kwa mwenzake Katuba. Sasa tunaitana, na hilo linanifurahisha kuliko pesa iliyoingia.

Lakini lazima niseme juu ya zile fremu 60 za kubebea mabomba ya kampuni ya machimbo. Atelye moja ilikata, ya pili ikatoboa, ya tatu ikachomelea. Siku ya kufunga, bolti iliingia tundu la kwanza ikagoma la pili. Mzee wetu mmoja aliizungusha kimya, kisha akaomba mita za mkanda za atelye zote tatu. Tukazilaza sambamba mezani: moja ncha yake ilikuwa imelegea, inapunja milimita 3. Fremu 22 tulizirudia kwa gharama yetu. Kosa ni langu, niligawa kazi kabla ya kukubaliana kipimo. Tangu hapo kila oda inatanguliwa na gabari moja, yaani kielelezo cha kupimia cha bati nene, na hakuna anayetoboa bila kuipitisha.

Kununua vyuma pamoja Kasumbalesa kumeenda vizuri. Hesabu ziko kwa mweka hazina.

Jambo la kuamua ni makaratasi. Sheria ya Februari 2017 inawatengea Wakongomani kazi ambazo kampuni kubwa zinawagawia wengine, ila atelye isiyoandikishwa haiwezi kuidai haki hiyo. Nchi yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria zake zinaturuhusu kuunda GIE, yaani kundi la kazi lenye jina lake kisheria huku kila mmoja akibaki na atelye yake. Linaweza kuundwa hata bila mtaji. Ila deni lake likishindikana, wanachama wanalibeba pamoja kwa mali zao wenyewe. Ndiyo maana kamati haikukimbilia sahihi: mkalizungumze kwanza nyumbani, na mke au mume asikie.

Mimi naunga mkono, kwa sharti kwamba hakuna mkopo bila kura ya wote.

Gabari zinatunzwa kwangu. Anayechukua aandike jina kwenye daftari, na airudishe kabla ya Jumamosi.

Mwenyekiti, Lubumbashi