Kwa mdogo wangu, kabla hujasaini mkataba

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma ndani ya mwendokasi, nimesimama toka Kimara mpaka Morocco, na furaha yangu hata abiria wenzangu wameiona. Mama mdogo alishanipigia kabla yako, sauti inamtetemeka. Hongera sana kwa kupata kazi ya kuandika programu za kompyuta. Umeniuliza kazi yenyewe ikoje, nami sitaki ukaijue kama nilivyoijua mimi.

Nyumbani wanajua tunakaa kwenye kiyoyozi tukibonyeza kompyuta. Kiyoyozi kipo. Lakini kuandika programu mpya ni kipande kidogo cha siku. Saa nyingi utasoma kazi ya mtu aliyeshaondoka, utakaa vikaoni, utatafuta kwa nini kitu kilichokuwa kizima jana leo kimegoma.

Nikusimulie Jumapili ya Mei 12, 2024. Nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, nchi nzima mtandao ukawa wa kusuasua. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Akanipigia wakala wetu wa kutuma pesa kule Mbagala, mama mmoja wa makamo. Kapokea pesa taslimu ya mteja, kaingiza kwenye programu yetu, kiduara kinazunguka tu. Risiti haiji. Mteja kasimama dirishani na foleni nyuma yake. Kibanda cha jirani watu wanatuma pesa kwa nyota na reli bila shida, maana njia ile haihitaji intaneti. Ya kwetu ilikuwa lazima ivuke bahari mpaka Ulaya, kwenye kompyuta tulizokodi huko, ndipo irudi kumwambia mtu wa Mbagala kwamba pesa yake imepokelewa.

"Kaka, huyu mteja anasema nimemwibia," aliniambia.

Sikuwa na jibu. Kikao kilichoamua tukodi huko nilikuwemo, nikaunga mkono. Tuliongelea bei. Yule mama hakuna aliyemtaja, hata mimi, na nilikuwa nimeshakaa kibandani kwake mara mbili nikinywa soda yake. Mtandao ulipotulia nililinganisha miamala iliyokwama mstari kwa mstari, daftari lake picha kwa picha, maana yeye huandika kila kitu kwa kalamu. Daftari lake lilikuwa sahihi kuliko mfumo wetu. Hilo limenikaa mpaka leo, na ndilo ninalotaka ulibebe: skrini yako itakuonyesha namba tu, na namba haikuiti mwizi mbele ya foleni.

Kuhusu mshahara, usipange matumizi kwa ile namba ya kwenye mkataba. Itapita NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida asilimia 10, itapita kodi, halafu Bodi ya Mikopo wachukue asilimia 15 yao kwa sababu wote tulisomeshwa kwa mkopo.

Zamu za usiku uliza mapema, kwa maandishi. Kampuni yangu ya kwanza iliniamsha usiku mwaka mzima bila kulipa hata senti ya ziada, wakiniambia sisi ni familia. Nilinyamaza kwa kuogopa kuonekana mvivu, nikaumwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu. Likizo ni siku 28. Zichukue zote.

Usisaini bado. Njoo Jumamosi asubuhi na huo mkataba tuusome pamoja, shemeji yako atatupikia. Mchana nitakupeleka Mbagala kwa yule mama. Nimeshamwambia. Amesema utakaa ndani ya kibanda, yeye ahudumie, wewe uandike kwenye daftari.

Kaka yako