Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji kuhusu maji yenye rangi ya chai

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Iringa, nikiwa mwalimu mstaafu wa kemia ambaye kila masika huchota ndoo moja ya maji ya Ruaha Mdogo na kuiacha uani mpaka tope lituame. Tope hutuama, lakini rangi haiondoki. Maji hubaki na wekundu hafifu wa chai ya rangi, kwa sababu kinachoyapaka rangi hiyo ni masalia ya majani, nyasi na mizizi yaliyooza mabondeni na kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, yakayeyuka na kuteremka na mto.

Masalia hayo si sumu. Shida huanza yanapokutana na klorini, ambayo hatuwezi kuiacha kwa kuwa ndiyo hutukinga na kipindupindu. Hapo huzaliwa trihalomethani, kemikali zinazoweza kudhuru afya, ambazo mkemia Johannes Rook alieleza mwaka 1974, kutokana na kazi yake Rotterdam, Uholanzi, jinsi zinavyotokea. Kwa kloroformu, iliyo mojawapo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 0.3 kwa lita.

Kupima jumla ya kaboni iliyomo katika masalia hayo peke yake ni kuambiwa uzito wa gunia bila kuambiwa kama ndani mna mahindi au pumba. Kromatografia ya kimiminika, njia ya kutenganisha molekuli zilizo majini, hulifungua gunia. Maji yaliyochujwa kwenye matundu ya mikromita 0.45 hupitishwa katika mrija uliojaa chembe zenye vitundu: molekuli kubwa, zisizopenya vitunduni, hutangulia kutoka, na ndogo, zinazozurura humo, huchelewa. Kwenye karatasi hujichora vilima, kwanza biopolima, yaani molekuli kubwa kama za protini, zenye uzito wa molekuli unaozidi 20,000, kisha kilima kipana cha humiki, yaani masalia ya mimea yanayotia rangi ile ya chai, karibu na 1,000, na mwisho vilima vya molekuli ndogo zilizo chini ya 350. Nami hupenda kukumbusha kwamba biopolima karibu hazionekani kabisa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, hivyo anayetegemea mwanga peke yake hudanganyika. Ndiyo maana kigunduzi cha kaboni huwekwa pamoja nao.

Shabu hunasa humiki vizuri, ila molekuli ndogo nyingi huiponyoka. Fundi wa mtambo asiyejua zipi zimezidi wiki hiyo ataongeza shabu, atamaliza fedha, na chanzo cha tatizo kitabaki majini, pengine kikihitaji mkaa amilifu, yaani mkaa uliotayarishwa kunasa kemikali.

Naomba, Mheshimiwa, Nyanda za Juu Kusini zipatiwe mtambo mmoja wa kromatografia hii, pamoja na mtaalamu aliyefunzwa na fungu la vipuri, maana nimewahi kufundisha mahali ambapo kifaa kizuri kilifunikwa kitambaa miaka mingi kwa kukosa taa yake tu. Wakati tukiusubiri, sampuli zichukuliwe masika na kiangazi, kabla na baada ya shabu, katika chupa safi za kioo zinazohifadhiwa kwenye baridi, zipimwe jumla ya kaboni na mwanga wa nanomita 254, na matokeo yabandikwe mahali wananchi watakapoyasoma.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu, Iringa