Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, madaktari, matabibu wa meno na mafundi sanifu wa maabara ya meno,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, tulipima watoto wa shule tatu za msingi. Kliniki ya pamoja ya Jumamosi ilifanyika mara kumi. Tulimuaga mwenzetu mmoja aliyestaafu na tukahani misiba miwili. Asanteni mliojitolea.

Linalohitaji maelezo ni azimio la Agosti. Limesemwa sana, na mengi yamesemwa nisipokuwapo. Kamati iliamua kwamba kwenye kliniki yetu mtu mzima asifungwe nyaya za kunyoosha meno kabla fizi zake hazijapimwa jino kwa jino na picha ya eksirei kuangaliwa. Mwenye ugonjwa wa fizi atibiwe kwanza. Tulitoa shilingi 740,000 kununua vipimo vya fizi na kuchapa fomu. Nimeambiwa nimewafukuzia watu wateja.

Nieleze nilichokiona. Kwetu mwanya ni urembo, na aliyeota nao hana tatizo. Lakini mama wa miaka arobaini na kitu anapokuja akisema mwanya wake umeanza miaka miwili iliyopita, na meno ya mbele yanatanuka kama vidole vya mkono uliofunguliwa, huyo mfupa unaoshika meno yake unaliwa na ugonjwa wa fizi. Mama wa namna hiyo nilimpokea mimi mwenyewe mwezi Februari. Alikuwa amefungwa nyaya mahali pengine kwa miezi kumi, ugaga, yaani uchafu uliogandamana kwenye meno, umejaa chini ya ufizi, na hakuna aliyewahi kumpima. Jino moja la mbele lilimtoka akila ugali. Nilimfungua nyaya, nikamsafisha mizizi kwa awamu nne, na meno yaliyobaki sasa yameshika. Sikumtoza hata senti.

Jino lililopoteza mfupa linaweza kusogezwa salama, na hilo sijawahi kulikana. Lakini mfupa ukipungua, kitovu cha ukinzani wa jino, yaani pale ambapo nguvu ikipita jino husogea bila kulala, hushuka kuelekea ncha ya mzizi, kwa hiyo nguvu ileile iliyokuwa ikilisogeza jino zima sasa hulilaza. Nguvu lazima ipunguzwe. Na uvimbe wa fizi ukiwapo pamoja na nguvu hiyo, mfupa huyeyuka haraka kuliko ugonjwa peke yake ungefanya. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la madaktari wa fizi wa mwaka 2022, kwa wagonjwa wa hatua ya nne, ile kali zaidi ya ugonjwa wa fizi, unafuata mpangilio huohuo: fizi kwanza, nyaya baadaye.

Wapo walioniletea utafiti wa mwaka 2021 ulioongozwa kutoka Bonn, Ujerumani, kuonyesha kwamba kusubiri miezi sita si lazima. Nimeusoma. Unalinganisha kuanza wiki nne na kuanza miezi sita baada ya upasuaji wa kurejesha mfupa, na matokeo yalikaribiana. Lakini wagonjwa wale walikuwa wameshatibiwa fizi, na walifuatiliwa kwa karibu. Ndiyo maana azimio letu halitaji miezi. Linataja mfuko wa ufizi, ule uwazi kati ya ufizi na jino, usiozidi milimita 4 na usiotoa damu.

Wenzetu wa maabara nao walilalamika kwamba kazi za daraja, yaani meno ya bandia yanayoegemea meno ya jirani, zimechelewa. Ni kweli zimechelewa. Mtu aling'olewa gego la kwanza la chini zamani, gego la nyuma yake likalalia pengo na la juu likashuka. Ukijenga daraja juu ya gego lililolala, unajenga juu ya mahali ambapo chakula kitanasa kila siku. Lisimamishwe kwanza, kwa skrubu ndogo ya mfupani ikibidi. Na kwa mwenye kutaka kupandikizwa jino la bandia, upandikizaji usubiri nafasi ipangwe, kwa kuwa kipandikizi hakisogezwi kikishashika. Nyaya zikitoka, wagonjwa hawa wanahitaji waya wa kushikilia meno kwa maisha yao yote, na hilo waelezwe siku ya kwanza.

Mnasema azimio halikupita kwenye mkutano mkuu. Tuko wanachama 64, akidi ni 32. Juni walifika 19. Julai tuliita tena, wakafika 14, na viti vya kukodi vililipiwa vyote. Kamati ingesubiri nini? Wanaopinga kwa sauti kubwa zaidi hawakuwapo mara zote mbili, na inaniuma, kwa sababu hoja zao ningependa kuzisikia ana kwa ana.

Ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 27, waliolipa nusu 11, na 26 hawajatoa chochote. Tulitarajia shilingi 3,840,000, tukapata 1,950,000. Baada ya vipimo, fomu, ukumbi, usafiri na rambirambi zimebaki 212,000. Mhazini ana risiti zote na yuko tayari kuzionyesha leo.

Mwaka ujao tunatumaini, hali ikiruhusu, kupata mtaalamu wa fizi wa kutufundisha siku moja au mbili, na pengine kuanzisha kumbukumbu ya pamoja ya wagonjwa. Fomu za vipimo zipo mezani kwa katibu. Azimio la Agosti liko kwenye ajenda namba 5. Naomba lijadiliwe na lipigiwe kura kabla ya chakula, tukiwa bado tumetimia.