Mlango wa dharura una kufuli, tutatokea wapi?

Mhariri naomba nafasi kidogo. Kuna supamaketi moja hapa Moshi mjini, jina naliacha wenyewe watajijua, mlango wa dharura wa nyuma umepigwa kufuli na mbele yake wamepanga maboksi ya mafuta ya kula mpaka karibu na dari, yaani moto ukitokea hayo mafuta ndo yanakuwa kuni na sisi na watoto tutatokea wapi jamani? Nikamuuliza meneja akanijibu eti mama, tukiuacha wazi watu wanaiba. Sawa wizi upo, ila si ipo milango ya kusukuma inayofunguliwa na aliye ndani tu, wanunue hiyo. Mtungi wa zimamoto upo ila uko nyuma ya madekio na mshale wa kipimo chake umelala kwenye nyekundu, yaani presha haitoshi. Kwenye mafriji nako maji yanavuja, vigae vinateleza, wameweka kadibodi basi! Na soko la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021 wote tuliona. Zimamoto Kilimanjaro pitieni pale bila kuwapigia simu kwanza, maana wakijua mnakuja maboksi yatahamishwa asubuhi na jioni yanarudi palepale.

Mteja, Pasua, Moshi