Yah: Malalamiko kuhusu fulana 640 zilizochapwa kinyume na makubaliano

Moshi,
21 Julai 2025

Meneja Uzalishaji,
Kampuni ya Uchapaji,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Mzigo wa fulana 640 ulitufikia Moshi tarehe 11 Julai, umetimia kwa idadi na kwa saizi. Hapo hatuna neno. Tunachokilalamikia ni uchapaji. Fulana 600 kati ya hizo hatuwezi kuwagawia wapagazi na waongoza wageni tuliowaagizia, na kwa sehemu kubwa ya mzigo sababu ni moja: njia ya kuchapa ilibadilishwa karakanani kwenu na sisi hatukuulizwa.

Makubaliano yamo kwenye profoma yenu, yaani ankara ya awali, ya tarehe 16 Juni. Fulana 400 za pamba tupu, gramu 180 kwa mita ya mraba, kijani iliyokolea, zichapwe kwa skrini, yaani wino usukumwe kupitia fremu ya wavu, fremu moja kwa kila rangi: rangi tatu kifuani, ukihesabu na nyeupe ya chini inayotandikwa kabla ya nyingine, na rangi moja mgongoni. Fulana 200 za poliesta nyekundu nazo zichapwe kwa skrini, tabaka la kijivu kwanza, kisha nyeupe maalumu ya poliesta juu yake. Fulana 40 za wakuu wa misafara, kila moja na jina la mwenyewe, zichapwe kwa DTF, yaani mchoro uchapwe kwanza kwenye filamu kisha ugandishwe kwenye fulana kwa unga wa gundi na joto. Bei ni shilingi 11,500 kila fulana, na skrini sita kwa shilingi 30,000 kila moja. Jumla ni shilingi 7,540,000. Tumeshalipa 4,500,000 na risiti ya mashine ya kodi (EFD) tunayo.

Njia hizo hatukuziokota tu. Skrini inagharimu mwanzoni, wakati wa kutengeneza fremu, na baada ya hapo kila fulana inayoongezeka inakula wino kidogo na mkono wa fundi. Skrini nne za fulana za pamba ni shilingi 120,000. Zigawe kwa fulana 400, unapata shilingi 300 kwa kila moja. DTF haina punguzo la namna hiyo. Filamu, wino na unga wa gundi wa fulana ya kwanza ni uleule wa fulana ya mia nne. Lakini kwa zile 40 zenye majina ndiyo njia yenyewe, maana nani atatengeneza skrini kwa jina la mtu mmoja? Hizo 40 mmezifanya vizuri na tumezipokea. Sablimesheni, yaani kugeuza rangi kuwa mvuke unaoingia kwenye nyuzi, tuliikataa mapema kwa sababu rangi yake haifuniki: inafaa kwenye poliesta nyeupe au ya rangi hafifu, na nembo nyeupe juu ya nyekundu haiwezi kuitoa.

Sasa tulichokikuta.

Fulana 260 kati ya zile 400 za pamba zimechapwa kwa DTF. Mchoro wa kifuani una upana wa sentimita 28 na urefu wa sentimita 32, na karibu wote ni rangi iliyojaa. Mchoro wa ukubwa huo ukiwa wa DTF ni kipande cha plastiki kilichogandishwa kifuani. Hakipitishi hewa, na jasho linabaki ndani. Mtu atakayeivaa anapanda kutoka Machame na mzigo wa kilo 20, na mikanda ya begi inasugua pembe za mchoro siku nzima. Tulifua tano kati ya hizo mara tatu, zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kwa maji ya uvuguvugu na bila pasi. Nne zimeanza kubanduka pembeni. Ile ya saizi L tuliyowapigia picha, ncha ya mlima imenyanyuka kama ganda la kitunguu, na ukipitisha kidole chini yake unakuta chembechembe nyeupe, ngumu, kama mchanga laini. Huo ni unga wa gundi ambao haukuyeyuka. Ama haukupikwa vya kutosha kwenye filamu, ama hitipresi, mashine ya kukandamiza kwa joto, ilifunguliwa mapema na gundi haikupata nafasi ya kuzama kwenye pamba. Na filamu ya kuvuliwa ikiwa baridi, ukiivuta ingali moto, inaondoka na kingo za mchoro. Tumeona alama hiyo kwenye herufi ndogo za chini.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba ankara bado inatudai skrini zote nne, kana kwamba fulana zote 400 zimepita kwenye skrini.

Fulana 140 zilizobaki ni za skrini kweli, na michoro imekaa mahali pake. Tatizo lake ni wino mbichi. Wino wa plastisoli haukauki kwa upepo, unaiva kwa joto, na tabaka zima, kuanzia juu mpaka linapogusa kitambaa, linatakiwa lifike takriban sentigredi 160. Wenu umeiva juu, chini bado, kama andazi lililopigwa na moto mkali. Vuta kitambaa kwa mikono miwili: mchoro unapasuka mistari na haurudi. Julai ni mwezi wa baridi na ukungu huku kwetu, na pamba iliyolala stoo inanyonya unyevu. Ikiingia kwenye draya, tanuri lenye mkanda unaopitisha fulana, joto linaanza kukausha maji kabla ya kuivisha wino, kwa hiyo mkanda uliowekwa mwendo wa Januari unakuwa wa haraka mno. Kipimajoto cha kulenga kwa mwanga hakitawaonyesha hilo, kinasoma uso wa wino peke yake. Na umeme ukikatika ukarudi, draya isubiriwe ifike joto lake kabla ya kulishwa.

Fulana 140 hizo hatutaki zitupwe. Wino mbichi ambao haujafuliwa unaweza kuivishwa tena. Zipitishwe upya kwenye draya kwa mwendo wa polepole, kisha mjaribu kuvuta na kufua fulana moja katika kila ishirini.

Za poliesta ndizo hazina dawa. Nyeupe imegeuka waridi. Zilipofika zilikuwa nyeupe kiasi. Siku ya nne maboksi yalipofunguliwa mara ya pili, waridi ilikuwa imeenea nembo nzima. Fundi wenu alituambia kwa simu kwamba ni sabuni. Fulana hizo hazijagusa maji. Rangi inayotiwa kwenye poliesta hugeuka mvuke ikipata joto kali, mvuke huo unapanda na kuingia kwenye wino ulio juu yake, na kazi hiyo inaendelea siku kadhaa baada ya fulana kutoka mashineni. Ndiyo maana profoma ilitaja tabaka la kijivu, linalozuia rangi isipande, na nyeupe ya poliesta inayoiva kwa joto dogo la sentigredi 130 hivi. Tulikata nembo moja kwa wembe tukaangalia ukingo wake: kuna tabaka moja tu, jeupe. Kijivu hakipo. Kupiga nyeupe nyingine juu yake hakutasaidia, kwa sababu kila joto jipya linaamsha rangi ileile.

Tunaomba yafuatayo. Fulana 260 za pamba na 200 za poliesta zichapwe upya kwenye vitambaa vipya, kwa skrini, kwa gharama yenu. Msitupendekezee kuzirudisha kwenye hitipresi zile za DTF. Gundi inaweza kushika, lakini kifua kitabaki plastiki, na sivyo tulivyoagiza. Fulana 140 ziivishwe upya kama tulivyoeleza. Nauli ya kurudisha mzigo Arusha na kuuleta tena Moshi iwe juu yenu.

Kabla ya kuchapa mzigo wote, tuleteeni fulana moja ya kila aina. Tutaifua mara tano, na ile ya poliesta tutaiacha siku saba kabla ya kuisaini. Sampuli mliyotupa Juni ilikuwa ya skrini, nzuri, na tunayo mpaka leo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli yake, na kwa hiyo salio la shilingi 3,040,000 tunalizuia mpaka hapo zitakapolingana.

Msimu wa ukame umeshaanza na misafara inapanda kila siku. Tunahitaji sampuli kabla ya tarehe 30 Julai na mzigo wote kabla ya tarehe 15 Agosti. Mkiona hamwezi, tuandikieni ndani ya siku tano ili tupange marejesho ya fedha. Tukikosa jibu, tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Fulana tano tulizofua, nembo tuliyoikata na sampuli ya Juni ziko ofisini kwetu. Fundi wenu anakaribishwa kuja kuziangalia siku yoyote ya kazi, na tungependa aje yeye mwenyewe aliyeendesha draya.

Wenu katika kazi,

Kamati ya Manunuzi,
Moshi.