Sigara iliyotoka kwenye mgao wa jeshi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai u mzima na wote walio nawe hawajambo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Barua yako niliipata, na swali lako limenikaa kichwani. Unasema umepitia picha nyingi za vita vikuu viwili vya dunia, ukaona karibu kila askari ana sigara mdomoni, nawe ukahitimisha kwamba majeshi yale hayakuwa na nidhamu. Hapo, ndugu yangu, sikubaliani nawe hata kidogo. Askari yule hakuwa anavunja amri ya mtu. Sigara ile alipewa na wakubwa wake, kama alivyopewa buti na bunduki.

Chukua Krismasi ya mwaka 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza. Mary, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa msichana wa miaka 17 mchango ulipoanzishwa kwa jina lake, ili askari na mabaharia walioko vitani wapate zawadi. Walipelekewa kisanduku kidogo cha shaba chenye sura yake kwenye kifuniko. Pamoja nacho askari mvutaji alipata wakia moja ya tumbaku ya kiko, sigara 20, kiko chenyewe, kifaa cha kuwashia, kadi na picha ya binti mfalme. Asiyevuta alipewa peremende na vifaa vya kuandikia barua. Masingasinga, ambao dini yao inakataza tumbaku, walipewa sukari na viungo vya chakula. Waliofanya kazi ile walikuwa na moyo safi, sina shaka. Ndiyo maana inaniuma: kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kuvuta angeikataaje zawadi ya namna ile, iliyotoka nyumbani, akiwa amesimama kwenye tope la handaki?

Na si ikulu tu. Chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, ambacho kabla ya vita kilikuwa kikiwahubiria vijana wajiepushe na sigara, kilikuwa kikizigawa kwa askari wa Marekani huko Ufaransa. Mwaka 1918 jeshi la Marekani likaingiza tumbaku rasmi kwenye mgao wa askari. Yuko pia kasisi wa jeshi la Uingereza, Geoffrey Studdert Kennedy, ambaye askari walimbandika jina la Woodbine Willie kwa sababu aliwagawia sigara za Woodbine huku akiwaombea. Alipewa nishani ya ushujaa kwa kuwahudumia majeruhi huku risasi zikivuma. Simlaumu. Ukimkuta mtu amelala chini, tumbo limepasuliwa na kipande cha kombora, utampa nini kingine?

Maana lazima tuseme ukweli kuhusu maisha yale. Sehemu kubwa ya vita si kupigana, ni kungoja. Unangoja alfajiri, unangoja chakula kisichofika, unangoja zamu yako iishe. Sigara iliua muda, ikapunguza njaa, ikafunika kidogo harufu ya maiti ambao hakuna aliyeweza kwenda kuwazika. Ilikuwa pia njia ya kuanza mazungumzo na mtu usiyemjua. Katika ile Krismasi ya 1914, Waingereza na Wajerumani walipotoka mahandakini bila silaha wakakutana katikati, tumbaku ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza walivyobadilishana.

Lakini ule utulivu waliousikia wakivuta una siri yake. Nikotini, kilevi kilichomo kwenye tumbaku, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Mwili uliozoea unaanza kudai: mikono haitulii, hasira zinapanda, akili haikai. Sigara inayofuata inaondoa mateso hayo, na mvutaji anaamini imemwondolea hofu ya vita, kumbe kwa sehemu kubwa imemlipia deni lililoachwa na ile iliyotangulia. Hofu ya makombora iko palepale.

Usiku ndio uliokuwa na hatari yake. Mwali wa kiberiti gizani unamwonyesha adui uso wa mtu. Ndipo ikaenea imani kwamba njiti moja isiwashe sigara tatu: kwa ya kwanza mdunguaji anakuona, kwa ya pili analenga, kwa ya tatu anafyatua. Wengine walitengeneza viwashio kwa maganda ya risasi, na vipo vilivyotumia utambi wa kamba unaofuka bila kutoa mwali, ambao upepo badala ya kuuzima unauchochea. Halafu tazama tena picha zako, uangalie mikono. Utawaona wanaoshika sigara kwa kidole gumba na cha shahada, kichwa chenye moto kimegeukia ndani ya kiganja, vidole vingine vimekifunika kama kifuniko. Hayo si maringo. Mtu anaficha cheche isionekane, na mazoea hayo yanamfuata hata mchana.

Ukitaka kuona tumbaku ilivyowatawala watu, soma habari za mateka wa Vita vya Pili. Mwanauchumi Mwingereza R. A. Radford alifungwa katika kambi ya Wajerumani, na mwaka 1945 alichapisha maelezo ya jinsi sigara zilivyogeuka kuwa fedha humo ndani. Zilikuja kwenye vifurushi vya Msalaba Mwekundu, na bei za mkate, jamu na nguo zikatajwa kwa sigara. Hata asiyevuta alizipokea kwa sababu alijua atanunulia kitu. Kulikuwa na kisa miongoni mwa mateka cha padri aliyeanza kuzunguka na kopo la jibini na sigara tano, akabadilishana hapa na pale, akarudi kitandani kwake na kifurushi kizima, na jibini lake na sigara zake tano bado anazo. Ila kilichonigusa zaidi ni hiki: ndege zilipodondosha mabomu karibu na kambi, watu walivuta zaidi, fedha ikateketea midomoni mwao na bei za vitu zikashuka. Woga wa watu ulionekana hata sokoni.

Katika vita hivyohivyo askari wa Marekani alikuta sigara ndani ya kila pakiti ya mlo wake wa vitani ulioitwa K. Ujerumani nako, serikali ilipiga vita uvutaji kwa mabango na makatazo, na mwaka 1939 daktari Franz Müller alikuwa ameshachapisha utafiti uliohusisha tumbaku na saratani ya mapafu. Bado askari wake waligawiwa sigara. Hapo ndipo mimi hukasirika. Waliojua waliendelea kugawa, nadhani kwa sababu askari anayevuta analalamika kidogo, na mapafu yake yatadai haki yake baada ya vita, wakati amesharudishwa kwao.

Na yalidai kweli. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha huko Uingereza jinsi wagonjwa wa saratani ya mapafu walivyokuwa wavutaji, na wengi wa wanaume wa rika lile walikuwa wamepitia jeshini. Mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Marekani akatoa ripoti iliyosema waziwazi kwamba sigara inasababisha saratani hiyo kwa wanaume. Jeshi la nchi hiyohiyo liliendelea kutia sigara kwenye pakiti za chakula cha vijana wake kule Vietnam, na zilikuja kuondolewa mwaka 1975, miaka 11 baada ya ripoti. Kijana aliyeandikishwa 1968 aligawiwa sumu ambayo serikali yake ilikuwa imeshaitangaza kuwa ni sumu.

Basi nakuomba, katika makala unayoiandaa, ile sehemu ya nidhamu uiondoe, na nafasi yake uwaandikie waliozipanga zile sigara kwenye masanduku. Nitumie rasimu ikiwa tayari, nitaisoma siku hiyohiyo. Wasalimie wote.

Wako daima.