Mchezaji akitundika viatu, aanzie mezani

Mhariri,

Muhula wa kwanza wa shule ukifika, viwanja vya mpira wa kikapu kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Vihiga hujaa vijana wenye vipaji, lakini meza ya waandishi wa alama hukaliwa na yeyote aliyepatikana asubuhi hiyo. Huku nyuma, mchezaji wa zamani ambaye magoti yamechoshwa na viwanja vya saruji anakabidhiwa timu kabla jasho la mechi yake ya mwisho halijakauka. Mambo yamekaa kichwa chini miguu juu. Anayetaka ukocha au uafisa wa michezo akae mezani msimu mzima, kisha apewe kipenga, ndipo awe kocha msaidizi.

Mezani kuna kazi nne: mwandishi wa alama, msaidizi wake, mtunza saa ya mchezo na mtunza saa ya sekunde 24, ile inayohesabu muda ambao timu yenye mpira lazima itupe kikapuni. Huyu wa mwisho huharibu mechi nyingi kuliko hata refa anayetukanwa. Mpira ukigusa ringi na timu iliyotupa ikaunasa tena, saa inarudi 14, si 24. Ukinaswa na walinzi, hapo ni 24. Ukikosa ringi kabisa na washambulizi wakaudaka, saa haiguswi. Anayebonyeza 24 kila mpira unaporuka huipa timu moja sekunde 10 za bure. Morans, timu ya taifa ya wanaume ya Kenya, waliwalaza Angola 74-73 kule Yaoundé Februari 2021 kwa mtupo wa Tylor Ongwae katika sekunde za mwisho. Mechi kama hiyo haiendeshwi na saa ya kubahatisha.

Karatasi ya alama nayo ina taratibu zake. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa kalamu nyekundu, ya pili na ya nne kwa buluu iliyokoza au nyeusi. Kikapu huchorewa mstari wa mshazari juu ya jumla mpya, mtupo huru hutiwa nukta nene, na namba ya aliyefunga pointi tatu huzungushiwa duara. Jumla zikikataa kulingana, rangi hizo ndizo zinazoonyesha kosa liliingia robo gani. Ukitumia kalamu moja, mtabishana hadi giza liingie.

Kocha aliyepitia hapo anajua kwamba ana mapumziko mafupi mawili kabla ya nusu ya mchezo na matatu baadaye, ila asitumie zaidi ya mawili katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne. Anajua pia kuwa mapumziko hayo huombwa mezani, na yeye mwenyewe au msaidizi wake wa kwanza. Mchezaji kumpigia refa kelele hakusaidii. Anahesabu madhambi ya timu: manne kwa robo, na kuanzia la tano timu inayokaba ikicheza vibaya huwapa wapinzani mitupo huru miwili hata kama aliyechezewa vibaya hakuwa akitupa. Nyota wa jana asiyefuatilia hesabu hiyo huwahimiza vijana wakabe kwa nguvu wakati hasa wanapopaswa kuondoa mikono.

Waandalizi nao walipe. Refa akilipwa, naye mtu wa meza akapewa soda na nauli ya matatu, msimu ujao hamtamwona. Mafunzo yenyewe si ghali: darasa moja, nakala za karatasi, kalamu za rangi mbili na video ya mechi. Mvua ya alasiri inapowafukuza uwanjani, na huku magharibi haikawii, wachezaji wakubwa wafunzwe palepale.

Waanze na kipengele cha malalamiko, maana ndicho kinachozigharimu timu zetu. Timu inayopinga matokeo ina dakika 15 baada ya mechi kumjulisha refa mkuu na kutia saini kwenye karatasi ileile ya alama. Barua ndefu inayofika Jumatatu, hata ikiwa na mhuri wa shule, imechelewa.

Mfuatiliaji wa mpira wa kikapu,
Kisumu